Amana ya Sahihi Mbili

Ofisi ya dalali ilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi, na ngazi zake zilikuwa nyembamba hata wakikutana wawili, mmoja lazima ageuze ubavu. Mama Miwani alikuwa amezipanda mara tatu katika wiki tatu. Mara ya kwanza aliambiwa dalali yuko nje na wateja. Mara ya pili aliambiwa yuko msibani. Mara ya tatu alimwona kwa macho yake akichepuka kuingia chooni, akamngoja mpaka saa yake ya chakula ikaisha, akarudi kazini na njaa. Mara ya nne akaja asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, akasimama juu kabisa ya ngazi. Anayetaka kuingia ofisini sharti apite kwake.

"Aa, Mama Miwani!" dalali akasema, akijipapasa mifuko kutafuta funguo. "Yaani nilikuwa nakuwaza wewe tu. Karibu."

Jina hilo alipewa na wateja. Alikuwa fundi katika duka la miwani, kazi yake kukata vioo na kuvisaga mpaka vikae kwenye fremu bila kucheza. Mkono wake ulikuwa mwepesi na jicho lake kali, na wenye duka walikuwa wakimwachia kazi ambazo mafundi wenzake waliziogopa. Miezi minne nyuma alikuwa ameachana na mumewe. Mume akahama, yeye akabaki kwenye nyumba waliyopanga pamoja, akajikaza kulipa kodi peke yake miezi mitatu, wa nne akashindwa. Akairudisha nyumba, akakabidhi funguo. Kilichobaki kilikuwa amana, kodi ya miezi mitatu waliyoiweka siku ya kuingia. Mkataba ulisema itarudishwa siku ya kutoka, nyumba ikiwa salama. Na nyumba aliisafisha yeye mwenyewe, kwa magoti, mpaka pembe za sakafu.

Dalali alikaa, akafuta meza kwa kiganja, akatoa karatasi.

"Nimekagua. Mwenye nyumba hawezi kurudisha kitu, mama, na wewe mwenyewe utaona kwa nini. Rangi nyumba nzima. Sinki la jikoni lina ufa. Wavu wa mbu madirisha matatu, hakuna. Soketi mbili zimebadilishwa bila ruhusa. Usafi, nimelazimika kuita watu. Na mlango wa chumba cha kulala umevunjwa, wa kubadilisha mzima." Akageuza karatasi. "Ukijumlisha, gharama zimepita amana. Kusema kweli, ninyi ndio mnadaiwa. Ila mwenye nyumba ni muungwana, hiyo iliyozidi amesamehe."

Mama Miwani alikuwa ameshatengeneza miwani ya kila aina, lakini ya mbao ndiyo kwanza alikuwa anaiona imevaliwa na mtu.

"Sinki tulilikuta na ufa," akasema. "Wavu haukuwepo, tulikaa na mbu wako miaka mitano. Na usafi? Usafi gani, ndugu yangu? Nilikupa nyumba unaweza kulia chakula sakafuni!"

"Na mlango?"

Akarekebisha mkoba wake begani. Alikuwa ameliona neno hilo kwenye karatasi tangu mwanzo, akalipita kama mtu anavyompita mbwa aliyelala njiani.

Dalali alizoea kusoma nyuso za wapangaji, na ya huyu akaisoma. Akaikunja karatasi taratibu. "Isitoshe, mkataba una sahihi mbili. Mimi siwezi kuzungumza na nusu ya mkataba. Mlete na baba yake Kidoti, tuongee."

*

Kidoti alikuwa binti yao wa miaka saba, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi aliyozaliwa nayo kidevuni. Tangu wahame, yeye na mama yake walikuwa wakilala sebuleni kwa kaka yake Mama Miwani, godoro likitandikwa watu wakishakwenda kulala na kukunjwa kabla hawajaamka. Kaka alikuwa mpima mizani kwenye ghala la nafaka, mtu mkubwa, mpole, mwenye vumbi la mahindi kwenye nyusi. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na sebule hiyo hiyo ndiyo ilikuwa chumba chake cha kazi. Hakuwa mtu mbaya, wifi yake. Lakini nyumba ilikuwa finyu, na siku zilikuwa zimezidi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Miwani alikuwa ameshapewa jembe, beleshi na toroli. Alifua, alipika, aliteka maji, na bado kila cherehani ilipoanza kulia alihisi inamwambia yeye ondoka.

"Kwani shida iko wapi?" kaka akasema alipopewa habari za dalali. "Mpigie shemeji. Yule anajua kusema na watu."

"Si shemeji yako tena."

"Ndoa imekufa, mdogo wangu. Ushemeji haujafa."

Na kweli haukuwa umekufa. Kila Jumamosi kaka na huyo aliyekuwa shemeji yake waliangalia mpira pamoja, wakirudi sauti zimewakauka kwa kushangilia. Ni vigumu kumlaumu. Jina la mtaani la yule mwanamume lilikuwa Bashasha, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alikuwa fundi umeme. Aliingia nyumba za watu na ngazi begani, akatoka ameacha taa zinawaka na watoto wanacheka. Vikongwe aliwarekebishia pasi bila malipo. Mama Miwani alipotangaza kwamba wanaachana, watu walimtazama yeye kwa mashaka, wakitafuta kasoro upande wake.

Kuhusu mlango hakuna aliyejua, kwa sababu aliyejua alikuwa yeye, na hakusema.

Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka mmoja nyuma. Bashasha alidhulumiwa na mteja malipo ya kazi ya wiki mbili, akarudi nyumbani kimya. Mama Miwani hakujua. Akamuuliza ada ya shule. Akauliza mara moja, akauliza tena, na mara ya tatu Bashasha akapiga teke meza, vikombe vikaruka. Haikuwa mara ya kwanza meza kupigwa teke. Lakini macho yake siku ile yalikuwa ya mtu mwingine, na mkewe akamshika Kidoti mkono, wakaingia chumba cha kulala, akazungusha ufunguo. Ndipo ngumi zilipoanza. Mlango ule ulikuwa wa mbao nyembamba, na ngumi ya nne au ya tano ilipita. Waliuona mkono wake ukitokea upande wao, umechanika, vidole vikipapasa hewani kama vinatafuta kitu cha kushika. Kidoti alikuwa amekaa kitandani. Hakulia. Aliutazama tu mkono.

Kisha ngumi zikakoma, na wakamsikia akikaa chini ukumbini, akilia, akiomba msamaha kupitia tundu. Jioni alikuwa amejifunga bandeji, anawaambia majirani ameteleza kwenye ngazi ya kazi, anaigiza alivyoanguka, nao wanashika mbavu kwa kicheko. Wiki mbili baadaye kaka alikuja na mkewe kuwatembelea, akaliona tundu, akauliza. "Kabati," Mama Miwani akasema. "Siku tunahamia, likagonga." Alisema haraka na vizuri, bila kufikiri, na akajishangaa. Hajanigusa, alikuwa akijiambia siku zile. Mwilini hajanigusa hata siku moja.

*

Alipompigia simu, Bashasha alikubali kabla hajamaliza kueleza. Wakakutana kwenye nyumba yenyewe siku tatu baadaye, wao wawili na dalali. Ilikuwa tupu, na sauti zao ziligonga kuta zikarudi.

Bashasha alikuja na bahasha. Ndani yake kulikuwa na fomu ya makabidhiano, ile ya siku ya kuingia, yenye sahihi ya dalali mwenyewe. Dalali alipoiona akameza mate.

"Tuanze jikoni, mkubwa," Bashasha akasema kwa upole. "Sinki. Soma hapa umeandika nini. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri, na fundi wangu wa miwani ameniacha."

"Ufa," dalali akasoma.

"Ufa! Kwa mwandiko wako mzuri. Twende madirishani."

Na hivyo hivyo, chumba kwa chumba, akambana. Wavu: fomu ilisema hakuna. Soketi: za zamani zilikuwa zinatoa cheche, akatoa ujumbe wa simu ambamo dalali alimwomba azibadilishe mwenyewe na kumwita "mwokozi wetu". Rangi: miaka mitano, rangi ya nani haichakai? Alisema yote hayo akitabasamu, mkono begani kwa dalali, na dalali akajikuta naye anacheka huku ananyolewa bila maji. Mama Miwani alisimama pembeni. Alikumbuka kwa nini alimpenda mtu huyu, na kumbukumbu hiyo haikumfurahisha.

Wakafika chumba cha kulala. Tundu lilikuwa pale pale, usawa wa kifua. Mama Miwani alikuwa amelifunika kwa kalenda mpaka siku ya kuhama.

Dalali alipitisha kidole kwenye fomu. Mahali pa mlango huo palikuwa patupu. Siku ile ya kuingia alikuwa na haraka, hakuandika kitu.

"Wapagazi wako," Bashasha akasema bila kusita. "Siku tunaingia. Si wewe uliyetuletea wale vijana na mkokoteni? Waligonga mlango na kabati. Nikasema yaishe, vijana wanatafuta riziki."

"Kabati gani linagonga katikati ya mlango?"

"Lenye kona."

Dalali akamgeukia Mama Miwani. "Mama, ni kweli?"

Nje kulikuwa na mtu anapiga nyundo kwenye bati. Mama Miwani aliangalia dirishani kana kwamba anamfahamu.

"Sawa," dalali akasema. "Mengine tutazungumza. Lakini mlango silipi mimi. Tutaonana kwa afisa wa nyumba."

Walipofika barabarani, Bashasha alijifuta jasho akacheka kidogo. "Umeona alivyotota? Kwa afisa ni dakika kumi tu. Fomu haisemi kitu, kwa hiyo atasikiliza midomo yetu. Nitamleta kaka yako, alikuwepo siku ya kuhamia."

"Kaka hakuona kabati likigonga kitu."

"Lakini anaamini liligonga. Si wewe uliyemwambia?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anayeonyesha waya upi unaenda wapi. "Hata sihitaji kumfundisha. Wewe itikia tu. Neno moja, tugawane, kila mtu ashike njia yake."

*

Neno moja. Kwa siku tano alitembea nalo. Alikuwa ameshaona vyumba viwili karibu na shule ya Kidoti, vyenye jiko lake na choo chake, na mama mwenye vyumba alimwahidi kumngoja hadi mwisho wa mwezi. Nusu ya amana, ikiwa kamili, pamoja na akiba yake kidogo, ingetosha. Ikipungua kwa bei ya mlango na fremu yake, haitoshi. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo. Na nani angeumia? Dalali ni mwizi. Kumwongopea mwizi ni dhambi gani?

Asubuhi ya siku ya kwenda kwa afisa alikuwa akimchana Kidoti nywele, mtoto amekaa chini kati ya magoti yake. Jumamosi iliyotangulia Kidoti alikuwa ameshinda kwa baba yake.

"Mama," Kidoti akasema, "mlango ulivunjwa na kabati."

Kitana kikasimama.

"Nani kakuambia?"

"Baba. Kasema nilikuwa nimelala." Akafikiri. "Kasema ule mkono niliota."

"Wewe unasemaje?"

Kidoti alichezea kamba ya kiatu. "Sijui," akasema. "Labda niliota."

Mama Miwani alimaliza kumchana, akamfunga nywele, akamwambia akachukue begi lake. Alipoinua macho akamwona wifi yake amesimama mlangoni na beseni la nguo kiunoni. Alikuwa amesikia.

"Ule mlango niliuona mimi, wifi," akasema chini chini. "Siku ile tulipokuja na kaka yako. Nilipitisha mkono wangu kwenye lile tundu ulipokwenda kuleta viti. Ukapita vizuri kabisa. Kabati halina ngumi."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema kabati. Mimi ni nani nikukatalie neno lako mdomoni?" Akaweka beseni chini. "Na tangu umekuja hapa nakuona unafua, unadeki, huketi. Nikajua unadhani nataka uondoke. Sikujua nianzie wapi kukuambia keti."

Nje honi ikalia. Gari la shule halingojei mtu.

*

Afisa wa nyumba alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyokaa upande. Mkono mmoja wa fremu ulikuwa umepinda, na kila akisoma ilimbidi ainue kichwa kama anayenusa kitu. Chumba chake kilijaa mafaili hadi dirishani. Walikaa kwenye benchi moja: Mama Miwani, kaka yake, Bashasha, na dalali akijitenga mwishoni.

Afisa alikwenda haraka. Alikuwa amesikia kesi za namna hii nyingi kuliko nywele zake. Sinki akafuta. Wavu akafuta. Soketi akazifuta, na alipoonyeshwa neno "mwokozi wetu" akamtazama dalali mpaka dalali akainama. Rangi akafuta. Usafi akauliza risiti, hakuna, akafuta.

"Bado mlango. Fomu haisemi. Nani alikuwepo?"

Bashasha akamgusa kaka goti. Kaka akasimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule. "Mimi nilikuwepo siku ya kuhamia. Mlango uligongwa na kabati."

"Uliona?"

"Kuona kwa macho, hapana. Lakini dada yangu aliniambia mwenyewe. Na dada yangu si mtu wa uongo."

Afisa akainua kichwa kuelekea kwa Mama Miwani. "Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia."

"Basi ni kabati." Kalamu ikashuka kwenye karatasi.

"Nilimwambia hivyo," Mama Miwani akasema, "lakini si kabati."

Kalamu ikasimama. Alikuwa hajapanga maneno, na yalitoka yamekauka, moja moja. "Ni mume wangu. Kwa ngumi. Mwaka wa nne tulipokuwa pale, si siku ya kuingia. Mimi na mtoto tulikuwa ndani, nilikuwa nimefunga kwa ufunguo. Kaka yangu nilimdanganya. Wapagazi hawakugonga kitu."

Kaka alikuwa bado amesimama. Alimgeukia Bashasha na mdomo wazi kidogo, akingoja acheke, aseme ni utani.

Na Bashasha akacheka kweli, ila kicheko hakikufika mbali. "Mheshimiwa, naomba dakika mbili niongee na mzazi mwenzangu."

Ukumbini alisogea karibu yake, akarudi nyuma mwenyewe alipomwona anakaza mabega. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Chukua yote. Na nusu yangu. Sitaki hata senti. Mwambie umechanganyikiwa, aandike kabati."

Alikuwa anamaanisha. Macho yalikuwa yamemlowa. Mama Miwani aliviona vile vyumba viwili, akajiona anapika huku amefunga mlango wake mwenyewe. Alitaka kukubali. Asingemdanganya mtu kuhusu hilo baadaye: alitaka.

"Na Kidoti?" akauliza.

"Mtoto atasahau."

"Hasahau. Unamsahaulisha."

"Mimi sikukugusa!" Sasa sauti ilipanda, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. "Hata siku moja! Watu watasema nilikuwa nakupiga. Unaniuza kwa bei ya ubao?"

"Watasema kitakachoandikwa. Na kitakachoandikwa ni mlango."

Akarudi ndani peke yake, akamwambia afisa aandike.

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Bashasha alipoingia alikuta hukumu inasomwa. Dalali arudishe amana yote ndani ya siku kumi na nne, akate gharama ya mlango peke yake, kwa bei ya duka, na risiti ionekane. "Na hiyo itatoka kwenye nusu ya bwana," afisa akasema. "Mkataba ni wa wawili, lakini mkono ulikuwa mmoja."

"Mimi nilisema tangu mwanzo," dalali akasema, akijinyoosha tai. "Mlango ulivunjwa. Nilisema." Alionekana mwenye furaha halisi, kama mtu mwaminifu aliyesingiziwa. Katika yote ya siku ile, furaha hiyo ilimuuma Mama Miwani kuliko alivyotegemea.

Bashasha alitia sahihi akiwa amesimama, akatoka. Kaka alimwita jina lake la kuzaliwa, mara moja. Hakugeuka.

*

Walirudi kwa miguu, kaka mbele, yeye nyuma, mpaka kwenye daraja.

"Ulisema kabati," kaka akasema.

"Nilisema."

"Mimi nimekaa na yule mtu kila Jumamosi. Nimemnunulia soda." Alikuwa na hasira, na hakujua aiweke wapi, basi akaiweka palipokuwa karibu. "Umenisimamisha mbele ya watu nikasema uongo. Nikasema dada yangu si mwongo."

"Uongo ulikuwa wangu, kaka. Wewe uliubeba tu."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

Akafikiri kwa haki, kama anavyofikiri mbele ya mizani. Mwanamke mmoja mwenye gunia kichwani aliwapita, kisha baiskeli. "Sijui," akasema. Siku tatu hakuzungumza naye ila salamu. Siku ya nne alimletea kiatu cha Kidoti alichokishona kwenye ghala, akakiweka mezani bila neno.

Fedha hazikuja kwa siku kumi na nne. Zilikuja mwezi na nusu baadaye, vipande viwili, baada ya kupanda tena zile ngazi na kumtaja afisa. Vyumba viwili vilikuwa vimeshachukuliwa. Mama mwenye vyumba alimngoja mpaka aliposhindwa kungoja. Kikapatikana chumba kimoja, bomba la pamoja uani, mbali zaidi na shule. Wifi alimshonea pazia la kugawa kitanda na jiko, akakataa malipo, na siku ya kuhama alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa akatoa amri watu wapi waweke nini.

Maneno hayakukawia kusambaa. Bashasha hakusema mengi, alisema tu kwamba kuna watu watasema lolote wakiona fedha, na alisema kwa huzuni, kwa hiyo aliaminiwa. Mama yake, ambaye miaka yote alimwita Mama Miwani "mwanangu", alikuja dukani kuchukua miwani yake ya kusomea. Akaivaa, akasoma ubao wa herufi ukutani, mstari hadi mstari, bila kosa.

"Umeifanya vizuri," akasema. Kisha akavua. "Ya ndani hayaanikwi ofisini, mwanangu. Ungekuja kwangu."

"Ningekuja, mama, ungeniambia nini?"

Bibi alifungua pochi, akalipa, akahesabiwa chenji. "Ningekuambia uvumilie," akasema hatimaye, na akaondoka ameshika ukuta.

Jumamosi ya kwanza katika chumba kipya, Bashasha alikuja kumchukua Kidoti, kama walivyokubaliana. Hakuingia. Alisimama uani karibu na bomba, na kabla Kidoti hajamaliza kuvaa viatu, wanawake waliokuwa wanafua walikuwa wameshaacha kufua. Bomba lilikuwa linavuja. Akalikaza kwa koleo alilokuwa nalo mfukoni. Akasema kitu, wakaangua kicheko. Akamwona Mama Miwani mlangoni, akampa salamu ya heshima, akampandisha mtoto mabegani, wakaenda. Kidoti aligeuka akapunga mkono.

Mama Miwani alitoka na ndoo yake, akachuchumaa kwenye nafasi iliyobaki. Jirani wa kushoto, mwanamke mchangamfu ambaye tangu ahamie hawakuwa wamezungumza zaidi ya habari za asubuhi, alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Jamani, yule baba mcheshi! Mwanaume kama yule unamwacha vipi, shoga? Ulimfanya nini?"

Wenzake wakatega masikio, mikono ikiwa majini. Mama Miwani alisugua kola ya sare ya Kidoti, akaigeuza, akasugua upande wa pili. Alikuwa amedhani ukishalisema jambo mara moja, mahali panapoandikwa, limesemwa. Kumbe kila uwanja utataka lisemwe upya.

"Sijamfanya kitu," akasema. "Sogeza beseni lako kidogo, nitakueleza."